Msafara wa Polisi kwa Mdakaji wa Akiba

Jumatatu, tarehe 1 Mei 2006, muda mfupi kabla ya saa 1 jioni, ndege ya kukodi kutoka San Diego ilitua Boston baada ya kuivuka Marekani nzima, pwani hadi pwani. Gari la polisi wa jimbo la Massachusetts lilikuwa tayari likimsubiri abiria wake. Akaingia, gari likaondoka kwa kasi, na humo humo ndani akavua nguo za safari na kuvaa sare ya Red Sox, timu ya Boston. Kati ya uwanja wa ndege wa Logan na uwanja wa besiboli wa Fenway kuna ghuba, mahandaki yanayopita chini yake, na foleni ya watu wanaotoka kazini. Yankees wa New York wanapokuwa mjini, foleni hiyo haina huruma. Jioni hiyo walikuwa mjini.

Abiria mwenyewe aliitwa Doug Mirabelli. Alikuwa na umri wa miaka 35 na kazi yake ilikuwa mdakaji wa akiba. Tangu msimu uanze, huko San Diego alikotoka, wastani wake wa kupiga mpira ulikuwa .182, yaani katika kila majaribio 100 alifanikiwa mara 18 hivi. Ukimtafuta mchezaji ambaye hastahili kukodiwa ndege, sembuse kufunguliwa njia na polisi, huyu angekuwa wa kwanza kwenye orodha. Hata hivyo alipotokeza uwanjani, dakika chache kabla ya mpira wa kwanza kurushwa, watazamaji walimpokea kwa shangwe kama mtu aliyerudi kutoka vitani.

Kwa nini? Mashabiki wa Boston wa rika lile bado wanalijibu swali hilo kwa kicheko, na kicheko chao kina hesabu ndani yake. Lakini ili tuelewane, lazima kwanza nieleze mdakaji hufanya nini, na huyu wa akiba anatoka wapi.

Katika besiboli, mrushaji husimama kwenye kituta na kuutupa mpira kuelekea kwa mpigaji aliye umbali wa mita 18 na ushee. Nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji, mwenye kinga ya uso, ya kifua na ya magoti. Kila mpira usiopigwa ni wake. Katika mechi moja atadaka mipira mia na zaidi, na baina ya mpira na mpira atainuka, ataurudisha kwa mrushaji, atachuchumaa tena. Baadhi ya mipira hiyo huja kwa kilomita 150 kwa saa. Mingine humgonga kidoleni, begani au shingoni baada ya kukwaruza gongo la mpigaji. Halafu ligi kuu ya Marekani ina mechi 162 kwa kila timu katika muda wa miezi 6, karibu kila siku. Hakuna magoti ya binadamu yanayoweza kazi hiyo bila kupumzishwa. Kwa hiyo kila klabu huweka mdakaji wa pili, ambaye hucheza mechi moja katika nne au tano, na siku nyingine anadaka mipira ya warushaji wanaopasha misuli moto nyuma ya uzio.

Anakaribiana na kipa wa akiba wa soka: watu hulijua jina lake siku aliyeanza kikosini anapochechemea. Tofauti ni kwamba kipa wa akiba anaweza kumaliza msimu bila jasho, na mdakaji wa akiba hutoka jasho kila siku hata asipoonekana. Analipwa kidogo ukilinganisha na nyota, anauzwa kirahisi, na kwa kawaida hapigi mpira vizuri. Angekuwa anapiga vizuri, asingekuwa wa akiba.

Boston mdakaji wao wa kwanza alikuwa Jason Varitek, ambaye tangu mwisho wa 2004 alivaa herufi ya nahodha kifuani. Mirabelli alifika mwaka 2001, katikati ya msimu, akitokea Texas, baada ya miaka kadhaa ya kuingia na kutoka katika kikosi cha San Francisco. Angepita kama wapita njia wengine wa nafasi ile, lau Boston wasingekuwa na Tim Wakefield.

Wakefield alisajiliwa na Pittsburgh mwaka 1988 kama mpigaji na mlinzi wa besi ya kwanza. Kupiga kukamshinda. Kilichomwokoa ni mchezo wa utotoni, namna ya kuutupa mpira aliyokuwa akiifanyia utani: nakoboli. Mrushaji wa nakoboli haukamati mpira kwa kiganja. Anauchomeka ncha za vidole, kucha zikiwa zimezama karibu na mshono, na anausukuma badala ya kuuzungusha. Mipira mingine yote huzunguka hewani, na mzunguko ndio unaoamua utapinda wapi. Nakoboli karibu haizunguki kabisa. Mshono wa nyuzi nyekundu unakutana na upepo mara upande huu, mara upande ule, na hewa inayopita inausukuma mpira hovyo. Unaweza kuyumba kushoto, ukarudi, ukazama ghafla mbele ya bamba, pale anaposimama mpigaji. Unakwenda pole, kilomita 105 kwa saa hivi, kasi ambayo mwanafunzi wa sekondari mwenye mkono mzuri anaifikia. Ila mpigaji hajui utakapofika. Mrushaji mwenyewe hajui. Na mdakaji, ambaye ndiye anayetakiwa kuwa na mkono mahali utakapofika, naye hajui.

Mpira ambao mdakaji alipaswa kuudaka na ukamponyoka huandikwa jina lake kwenye kitabu cha mechi, na wapinzani waliokwisha fika kwenye besi hupata nafasi ya kusogea mbele. Ni aibu ya hadharani, maana mdakaji hulazimika kutupa kinga ya uso na kukimbia kuelekea kwenye ukuta, mgongo kwa uwanja, kuufuata mpira unaobiringika. Mdakaji mzuri wa kawaida anaweza kumaliza msimu mzima mipira michache tu ikiwa imemponyoka. Kwa mrushaji wa nakoboli, idadi hiyo yaweza kutimia katika wiki mbili.

Basi Boston wakaamua kumwepusha Varitek na balaa hilo. Wakefield alikuwa akirusha kila baada ya siku tano, na siku yake ikawa siku ya Mirabelli. Mashabiki hawakuhitaji kusubiri majina ya kikosi. Walitazama kalenda. Mzazi aliyenunua tiketi miezi mitatu kabla ili mtoto wake akamwone Varitek alihesabu vidole na kugundua kwamba amenunua tiketi ya Mirabelli. Naona hapo ndipo mapenzi yalipoota. Mdakaji wa akiba wa timu nyingine hutokea bila taarifa. Huyu alikuwa na siku yake maalumu, na mtu mwenye siku yake huzoeleka.

Alidaka vipi kile wenzake walichokikimbia? Glavu yake ilikuwa kubwa kuliko ya kawaida. Mkono wake ulikuwa legevu. Siri kubwa, kwa jinsi wadakaji wa nakoboli wanavyoeleza, ni kutoufuata mpira. Mdakaji amefundishwa tangu utotoni kunyoosha mkono na kuupokea mpira mbele yake, imara, ili mwamuzi auone vizuri. Kwa nakoboli, anayenyoosha mkono ameshaumizwa, kwa sababu mpira utageuka katika ile hatua ya mwisho, baada ya mkono kwenda. Inabidi asubiri, auache ufike karibu kabisa na mwili wake, halafu aufunike kama anayemnasa nzi. Ni kinyume cha kila alichofundishwa. Mirabelli naye mipira ilimponyoka, tena mingi tu. Ila aliponyokwa bila kupaniki, na Wakefield, aliyekuwa na wasiwasi wake wa kutosha, aliweza kurusha bila kumwonea huruma mtu wa upande wa pili.

Thamani ya jambo hilo mashabiki waliiona usiku mmoja ambao Mirabelli hakuwa uwanjani. Ilikuwa 18 Oktoba 2004, mechi ya tano ya nusu fainali dhidi ya Yankees. Boston walikuwa wamefungwa mechi tatu za kwanza na wameshinda ya nne kwa taabu. Wakipoteza hii, msimu umekwisha. Mechi ilipita zamu 9 za kawaida ikiwa sare, ikaingia zamu za ziada, na kocha Terry Francona, aliyekuwa amewamaliza warushaji wake, akamwita Wakefield. Nyuma ya bamba alimwacha Varitek, kwa sababu alihitaji gongo lake. Zamu ya 13 ikawa mateso. Gary Sheffield wa Yankees alishindwa kuupiga mpira mara ya tatu, alipaswa kuwa nje, lakini mpira ulimpita Varitek na Sheffield akakimbia hadi besi ya kwanza. Mwingine ukampita. Kisha wa tatu. Mipira mitatu katika zamu moja, mikononi mwa mmoja wa wadakaji bora wa kizazi chake! Yankees wakawa na watu kwenye besi ya pili na ya tatu, ushindi ukiwa umbali wa mpira mmoja zaidi wa kuponyoka. Ruben Sierra alikosa, Varitek akaudaka huo, na Fenway nzima ikapumua. David Ortiz wa Boston alimaliza kazi katika zamu ya 14.

Boston wakageuza mfululizo ule na kushinda mechi 4 kwa 3, na fainali wakawafagia St. Louis. Ilikuwa mara yao ya kwanza kutwaa ubingwa tangu 1918. Mechi ya kwanza ya fainali hiyo ilianzishwa na Wakefield, na kwa hiyo Mirabelli alichuchumaa pale nyuma ya bamba wakati ndoto ya miaka 86 inaanza kutimia. Walishinda 11 kwa 9, mechi ya fujo, yenye makosa ya aibu, ambayo ilimfaa kabisa.

Desemba 2005 klabu ilimpeleka San Diego na kumpata Mark Loretta, mlinzi wa besi ya pili. Kwa Mirabelli ulikuwa mlango wa kutokea kwenye benchi. Alikuwa ameungoja muda mrefu. Kisha San Diego wakamsajili Mike Piazza, mdakaji aliyepiga mpira nje ya uzio mara nyingi kuliko mdakaji yeyote katika historia, na Mirabelli akarudi alikozoea kukaa.

Boston wakampa kazi ya Wakefield kijana aitwaye Josh Bard, waliyempata kutoka Cleveland pamoja na Coco Crisp. Bard alikuwa mdakaji wa kweli, mwenye mikono mizuri na gongo zuri kuliko la mtangulizi wake. Katika mechi 5 alizomdakia Wakefield, mipira 10 ilimponyoka. Minne kati ya hiyo ilikuwa katika mechi moja, huko huko Cleveland alikotoka, tarehe 26 Aprili. Mimi humwonea huruma Bard kuliko mtu mwingine yeyote katika kisa hiki. Alipewa miezi ya mazoezi ya Machi na wiki nne za msimu kujifunza kitu ambacho watu hujifunza kwa miaka. Kila mpira uliompita ulirudiwa kwenye televisheni polepole, na mashabiki wakaanza kumkumbuka aliyeondoka.

Siku tano baadaye, asubuhi, simu zilikatika na kuunganishwa kati ya Boston na San Diego. Zamu ya Wakefield ilikuwa imefika, na wapinzani ni Yankees. San Diego, waliojua fika shida ya mwenzao, walitaka Bard, na juu ya Bard wakataka mrushaji chipukizi aitwaye Cla Meredith, na juu ya wote wawili wakataka fedha. Boston wakakubali. Ndipo ndege ikakodiwa.

Mwanzo wa mechi yenyewe ulikuwa tamthilia ya kutosha hata bila Mirabelli. Johnny Damon, kipenzi cha Boston katika ubingwa wa 2004, alikuwa amehamia kwa watani wa jadi, na huu ulikuwa usiku wake wa kwanza kurudi Fenway na sare ya Yankees. Yeye ndiye aliyekuwa mpigaji wa kwanza. Kwa hiyo dakika chache baada ya kushuka kwenye gari la polisi na kujifunga kinga, Mirabelli alijikuta amechuchumaa nyuma ya Damon, watu zaidi ya elfu thelathini wakizomea, na mpira usiojulikana uendako ukimjia. Boston walishinda 7 kwa 3. Katika zamu ya 8 Ortiz aliupiga nje ya uzio mpira wa Mike Myers, mrushaji wa mkono wa kushoto ambaye Yankees walimchukua kutoka Boston hiyo hiyo kwa kazi moja mahususi: kumzima Ortiz. Usiku ule kila aliyehama upande alipata jibu lake.

Sasa hesabu. San Diego, Bard alipiga .338 msimu uliobaki, wastani ambao wadakaji huuota. Meredith, yule wa nyongeza, alikwenda zaidi ya zamu 33 mfululizo bila kuruhusu hata pointi moja, na San Diego wakawa mabingwa wa kundi lao. Boston? Mirabelli alimaliza mwaka akipiga chini ya .200. Julai Wakefield aliumia mbavu na akakaa nje muda mrefu, kwa hiyo mdakaji aliyeletwa kwa ajili yake akabaki bila kazi yake. Mwanzoni mwa Agosti Varitek akafanyiwa upasuaji wa goti, na Mirabelli, baada ya miaka yote ile ya kutaka kucheza kila siku, akapata nafasi zaidi katika mwezi mbaya kuliko yote. Yankees walikuja Fenway wakashinda mechi 5 kwa 5. Boston walimaliza nafasi ya tatu.

Kwa kipimo chochote cha biashara, klabu ilipunjwa. Na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba shabiki hukumbuka kwa moyo na mtaalamu kwa takwimu. Shabiki wa Boston anazijua takwimu hizi. Atakutajia .338 ya Bard kabla hujamuuliza, na atakutajia Meredith huku akishika kichwa. Kisha, bila kuvuta pumzi, atakusimulia gari la polisi, na uso wake utabadilika. Atazishika zote mbili bila kuona mgongano wowote, na nadhani yuko sahihi. Biashara ilikuwa mbovu kwa sababu klabu ilikuwa imebanwa, na ilibanwa kwa sababu kazi ya Mirabelli ilikuwa ngumu kweli. Kile kile kilichoifanya bei iwe ya kijinga ndicho kilichothibitisha thamani yake. Kwa miaka mitano mtu huyu alifanya jambo ambalo kila aliyekaa jukwaani alidhani mdakaji yeyote wa akiba angelifanya. Kumbe ilihitajika mipira 10 ya Bard ili mji mzima uone.

Kumbukumbu ya namna hii wadakaji wa akiba huipata kwa bahati. Mmoja aliitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Bob Uecker, mzaliwa wa Milwaukee, alicheza misimu 6 kuanzia 1962, akapiga wastani wa .200 kamili na kuupiga mpira nje ya uzio mara 14 tu katika maisha yake yote ya mchezo. Mwaka 1964 alikuwa katika kikosi cha St. Louis kilichotwaa ubingwa na hakucheza hata dakika moja ya fainali. Kinachokumbukwa ni kwamba kabla ya mojawapo ya mechi hizo aliokota tuba ya bendi iliyoachwa uwanjani na kuanza kudakia mipira ndani ya mdomo wa tarumbeta hilo kubwa. Mwaka 1967 alipelekwa Atlanta kumdakia Phil Niekro, mrushaji wa nakoboli, na mipira 27 ikamponyoka, mingi kuliko ya mdakaji yeyote wa ligi yake mwaka ule. Baadaye alieleza kwamba njia bora ya kuidaka nakoboli ni kungoja mpaka iache kubiringika, kisha uiokote. Watu walicheka. Wachache waliuliza Niekro alikuwa na maoni gani. Niekro, aliyekuja kushinda mechi 318, alisema Uecker ndiye aliyemhimiza arushe nakoboli bila woga, ikimpita imempita. Mwaka ule ule wa mipira 27, Niekro alikuwa mrushaji aliyeruhusu pointi chache kuliko wote katika ligi yake.

Uecker aliigeuza kazi yake iliyofeli kuwa bidhaa. Alialikwa mara nyingi katika kipindi cha Johnny Carson. Katika tangazo la bia ya Miller Lite alionekana akijigamba kwamba anapelekwa kiti cha mbele, na picha iliyofuata ikamwonyesha juu kabisa ya jukwaa, peke yake, mbali na kila kitu. Kuanzia 1971 hadi 2024 alitangaza mechi za Milwaukee Brewers redioni. Alifariki Januari 2025 akiwa na umri wa miaka 90. Uwanja wa Milwaukee una sanamu zake mbili. Moja iko nje, ya heshima, kama wanavyowekewa wakubwa. Ya pili, iliyozinduliwa mwaka 2014, imekaa kwenye safu ya mwisho kabisa ya jukwaa la juu, na kando yake pana nafasi ya shabiki kuketi na kupiga picha. Naipenda zaidi hiyo ya pili, kwa sababu waliomchonga walielewa mzaha wake.

Mirabelli hakuwa mchekeshaji na hakuwa na kipindi redioni. Alirudi kwenye siku yake ya kila baada ya siku tano. Mwaka 2007 Wakefield alishinda mechi 17 na Boston wakatwaa ubingwa tena, Mirabelli akapata pete ya pili. Machi 2008, katika mazoezi ya kabla ya msimu, klabu ilimwacha na kazi ikaenda kwa Kevin Cash, kijana kuliko yeye na mpigaji dhaifu vile vile. Hakucheza tena ligi kuu. Cash leo anajulikana zaidi kama kocha wa Tampa Bay, naye si peke yake: Bruce Bochy, aliyetwaa ubingwa mara nne kama kocha, alikuwa mdakaji wa akiba, na David Ross wa Chicago Cubs pia akaja kuwa kocha. Ross ana kisa chake. Usiku wa mechi ya mwisho ya fainali ya 2016 aliingizwa kumdakia rafiki yake Jon Lester. Kosa lake la kurusha likawapa wapinzani nafasi, mpira mmoja wa Lester ukamgonga kwenye kinga ya uso na kumwangusha, pointi mbili zikaingia. Zamu iliyofuata akaupiga mpira nje ya uzio, akiwa na umri wa miaka 39, katika mechi ya mwisho ya maisha yake ya uchezaji. Watu wa Chicago hukumbuka pigo lile. Wenye kuipenda kazi ya mdakaji hukumbuka na vile alivyoinuka baada ya kuangushwa.

Wakefield aliendelea kurusha hadi 2011. Alistaafu akiwa ameshinda mechi 200, na 186 kati ya hizo alizishinda akiwa Boston. Alifariki tarehe 1 Oktoba 2023 kwa saratani ya ubongo, akiwa na miaka 57, na ukimzungumzia yeye na mashabiki wa kizazi kile huwezi kufika mbali kabla jina la Mirabelli halijatajwa. Majina yao yalikwenda pamoja kwenye kikosi, yanakwenda pamoja kwenye mazungumzo.

Na Bard? Januari 2009 Boston walimsajili tena. Wakefield alikuwa bado yupo, nakoboli ilikuwa ile ile, na Bard akakubali kwenda kuijaribu mara ya pili, jambo ambalo kwangu ni la kijasiri kuliko lile la kubadilishia nguo ndani ya gari. Machi, kabla msimu haujaanza, walimwacha, na kazi ya kumdakia Wakefield akapewa George Kottaras. Kuanzia msimu wa 2018 Bard alikuwa New York kama msaidizi wa kocha mkuu mpya wa Yankees, na kocha huyo alikuwa Aaron Boone, ambaye usiku wa 16 Oktoba 2003, katika zamu ya 11 ya mechi ya mwisho ya nusu fainali, aliutandika mpira wa Wakefield nje ya uzio na kuwatoa Boston mashindanoni. Walikaa benchi moja kwa misimu 2.